Kilo Isiyoandikwa

Katika uwanja wa ndege wa Murongo, hapa Bunia, kuna chombo kimoja kinacholeta ugomvi kuliko askari na kuliko watoza ushuru. Chombo hicho ni mizani. Mtu afika asubuhi na mapema, amevaa nguo safi, amesindikizwa na jamaa nzima, anasalimiana na kila mtu kwa furaha. Lakini mkoba wake ukiwekwa juu ya mizani na hesabu ikapita mpaka, furaha yote yakwisha. Sauti zapanda. Sanduku lafunguliwa mbele ya watu, na vitu ambavyo mtu haonyeshi hata kwa jirani vyatolewa nje. Mama mmoja huvaa vitenge vitatu, kimoja juu ya kingine, ili furushi lipungue. Kijana mwingine hujaza viatu na chupa za asali katika mifuko ya koti mpaka hawezi kukunja mikono.

Tunacheka, lakini tufikiri kidogo. Yule mama wa vitenge vitatu amemshinda karani wa mizani, ndege hakuishinda. Ndege itambeba yeye pamoja na vitenge vyake vyote, na uzito ni uleule.

Watu wa parokia huuliza maneno mawili juu ya jambo hili. La kwanza: Je, ni kosa la kweli mbele ya dhamiri kuficha kilo tatu au nne katika mkoba wa mkononi, ikiwa hakuna aliyeibiwa kitu? La pili: Je, makampuni ya ndege si wanyang'anyi, yanapotukaba koo kwa ajili ya kilo moja? Tumeona yafaa kuyajibu pamoja, maana jibu la moja limejificha ndani ya lingine.

Lakini kwanza tusimdharau msafiri. Mgeni atokaye mbali huona mafurushi yetu akasema, Watu hawa wanapenda mizigo. Hajui. Katika nchi nyingine mtu hupanda ndege kwa sababu ana fedha na haraka. Hapa Ituri wengi hupanda kwa sababu njia ya nchi kavu inatisha. Barabara ya Komanda, ile iendayo Beni na ile iendayo Mambasa, imemwaga damu ya wasafiri miaka mingi. Basi mtu hukopa, huuza mbuzi, hukusanya michango ya ukoo, apate tiketi moja. Na akiisha kuipata, haendi kwa ajili yake peke yake. Dada aliye Kinshasa anangoja samaki wa Tchomia. Mwanafunzi aliye Kisangani anangoja maharage na nguo za baridi za marehemu baba yake. Mtu haendi ugenini mikono mitupu. Ndivyo tulivyolelewa, na ni malezi mema. Kwa hiyo, karani asemapo, Toa kilo sita, mwenye furushi hasikii hesabu. Anasikia kwamba lazima achague nani atakosa.

Jambo hilo ni la kweli, wala hatutaki kulipunguza. Hata hivyo halibadili uzito wa samaki.

Sasa tutazame ndege yenyewe. Wengi hudhani ndege huinuliwa na nguvu ya injini, kama vile mtu anyanyuavyo gunia, na kwamba injini kubwa haiwezi kusumbuliwa na mkoba mdogo. Sivyo. Injini husukuma mbele. Kinachobeba ni hewa inayopita juu na chini ya mabawa. Na hewa si ileile kila mahali. Mji wetu wa Bunia uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa au ya Matadi, na saa saba ya mchana, jua likiwaka, yazidi kuwa nyepesi. Ndege ambayo pwani hupaa bila taabu, hapa itahitaji kukimbia zaidi juu ya ardhi kabla haijainuka, au sharti ipunguziwe mzigo. Ndiyo maana pengine mkoba uliopita asubuhi hukataliwa mchana, na watu husema karani ana chuki. Karani hana chuki, jua limepanda.

Katika ndege ndogo hesabu ni kali zaidi. Ile ndege ya propela moja iitwayo Cessna Caravan, ambayo watu wa bara letu wameizoea, hairuhusiwi kufika kilo 4,000 inapoanza kuruka. Katika kilo hizo ndege yenyewe, ikiwa tupu, yachukua zaidi ya nusu. Kinachobaki sharti kigawanywe kati ya mafuta, rubani, watu na vitu vyao. Akizidisha watu apunguze mafuta; akizidisha mafuta, kwa kuwa huko aendako hakuna, apunguze watu. Wamisionari wa Kiprotestanti wa shirika la MAF, wanaojulikana sana Bunia na Nyankunde, humpandisha abiria mwenyewe juu ya mizani pamoja na mkoba wake. Wako wanaoona haya, hasa wazee wanene. Lakini mama wa vitenge vitatu hawezi kushinda mizani ya namna hiyo.

Tena si uzito tu, ni mahali uzito ulipo. Mtu anayebeba mzegazega, ndoo moja mbele na moja nyuma, anajua jambo hili begani mwake: ukiongeza maji katika ndoo ya nyuma peke yake, mti wote unainuka mbele. Ndege ni mzegazega. Kwa sababu hiyo rubani huambiwa ni kilo ngapi ziko tumboni, ngapi nyuma, na watu wangapi wamekaa wapi. Haya yote yaandikwa katika karatasi moja. Rubani hakuona mikoba yetu ikipimwa. Aliletewa karatasi, akaiamini, akafanya hesabu yake: kasi gani, njia ndefu kiasi gani.

Hapo ndipo tunapoligusa jambo lenyewe. Kilo iliyoandikwa, hata ikiwa nyingi, rubani anaijua na anaweza kuitengenezea njia. Kilo isiyoandikwa haina wa kuitunza. Inaruka pamoja nasi kama mtu aliyejificha.

Tufanye hesabu ya mtoto wa shule. Ndege ya watu 19, kila abiria akificha kilo 5 tu, ndizo kilo 95. Ni mtu mzima mmoja, mnene, pamoja na mzigo wake, asiye na tiketi wala kiti wala jina. Katika ndege kubwa ya watu 180, kilo hizohizo tano huwa 900. Na kila mmoja wa hao 180 angeapa kwa moyo mweupe kwamba yeye alificha kitu kidogo.

Ziwani watu wana mwalimu mwema kuliko huku hewani. Mtumbwi wa Kasenyi ukijazwa, unazama kidogo kidogo, na kila aliyemo aona maji yakikaribia ukingo. Mwenye akili hushuka. Hata hivyo, pamoja na kuona kwa macho, twajua yaliyotukia: meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza, ilizama ikiwa na watu kupita kiasi, wakafa mamia kwa mamia, na tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kilizama mbele ya macho ya watu waliosimama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Ikiwa watu wanaoona maji hawashuki, itakuwaje kwa chombo kisichoonyesha kitu? Ndege iliyozidishwa mzigo imesimama juu ya magurudumu yake vilevile, inang'aa vilevile. Haionyeshi mpaka imefika mwisho wa njia.

Tarehe 8 Januari 1996 ndege ya mizigo aina ya Antonov ilijaribu kuruka kutoka uwanja wa N'Dolo, Kinshasa, ikiwa imebeba kupita kiasi. Haikupaa. Ilipita mwisho wa njia ikaingia katika soko la Simbazikita, saa ya watu kununua na kuuza, nao waliokufa walikuwa zaidi ya 200. Hawakuwa abiria. Walikuwa wauza nyanya na wanunuzi wa nyanya. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama anakubali kilo zile ziruke. Katika nchi yetu viwanja vingi vimezungukwa na nyumba na soko, na hata mtu asiyepanda ndege maisha yake yote ana haki yake katika ile karatasi.

Mtu mwingine atasema, Hayo ni mambo ya Kongo, kwa sababu hatuna utaratibu. Basi twende Marekani. Tarehe 8 Januari 2003, siku ileile baada ya miaka saba, ndege ndogo ilianguka ilipokuwa ikiruka kutoka mji wa Charlotte, wakafa wote 21 waliokuwamo. Wachunguzi waligundua kwamba mafundi walikuwa wamekosea kurekebisha kebo za usukani wa mkiani. Tena waligundua kwamba ndege ilikuwa nzito kuliko ilivyoandikwa, na uzito ulielemea nyuma. Hakuna abiria aliyeficha kitu. Kampuni ilitumia uzito wa kukadiria, kila mtu kiasi fulani, kila mkoba kiasi fulani, kama ilivyoruhusiwa na serikali. Lakini watu walikuwa wamenenepa tangu makadirio yale yalipowekwa, na mizigo yao pia. Baadaye serikali ikaamuru makadirio yapandishwe. Tazameni: huko karatasi ilidanganya bila mtu yeyote kudanganya, na matokeo yakawa hayo. Sisi tunaongeza uongo wetu juu ya kosa la hesabu.

Sasa tunaweza kulijibu swali la kwanza. Mtu anayeficha kilo nne amemwibia nani? Kampuni? Pengine, fedha kidogo. Lakini wizi mkubwa hauko hapo. Wale wanaounda ndege huacha akiba. Wanajua kwamba upepo utageuka, injini itachoka, rubani atakosea, mvua itanyesha juu ya njia. Kwa hiyo hawaruhusu ndege ibebe mpaka mwisho wa nguvu zake. Huacha sehemu ambayo haiguswi, ili siku mbaya ikija kiwepo cha kujiokoa. Akiba hiyo si ya kampuni wala si ya rubani. Ni ya wote waliomo, na ya wauza nyanya walio mwisho wa njia.

Wakulima wataelewa upesi. Kila nyumba ina mbegu zilizotundikwa juu ya moshi wa jiko, hakuna anayezila. Mtu akichota kikombe kimoja usiku, wala hakuna aliyelala njaa kesho yake, je, hakuiba? Mvua zikiwa njema, hata hatajulikana. Ndivyo alivyo yule asemaye, Mimi nimesafiri mara kumi na kilo za kuficha, na ndege haikuanguka. Ni kweli, haikuanguka. Mara kumi alilishwa na mbegu za wenzake.

Katika jambo hili sisi watu wa Ituri tungekuwa walimu wa wengine. Neno kilo kwetu lina maana mbili: kuna kilo ya mizani, na kuna Kilo ya kule Djugu, iliyokuwa mwanzo wa machimbo ya Kilo-Moto. Nani katika nchi hii hajaona mizani ya mnunuzi wa dhahabu? Imefunikwa kwa kioo ili pumzi ya mtu isiitikise. Mchimbaji huinama, muuzaji huinama, wote wakazie macho. Gramu moja ikipotea, kuna kelele mpaka kwa mkubwa wa kijiji. Hakuna mchimbaji anayemwambia mnunuzi, Acha ukali, ndugu yangu, kadiria tu. Kwa dhahabu twataka mizani kali. Mizani ya Murongo inapokuwa kali, twasema imekosa utu. Ingefaa mtu atueleze kwa nini.

Tuje sasa kwa swali la pili, lile la unyang'anyi, maana wanaouliza wana haki ya kujibiwa bila kukwepa. Ukali wa makampuni si wa namna moja. Uko ukali wa uzito, tuliokwisha kuueleza. Na uko ukali wa biashara, ambao ni mtoto wa mama mwingine, ingawa wamevaa nguo moja.

Mipaka ya mkoba wa mkononi haikushuka kutoka mbinguni. Umoja wa makampuni, IATA, hutaja kipimo cha sentimita 56 kwa 45 kwa 25, lakini kila kampuni hujiamulia. Hapa kilo 7, pale 10, kwingine 12. Msafiri apitaye Entebbe kwenda Ulaya aweza kupokewa vizuri na kampuni ya kwanza akakwama kwa kampuni ya pili, na mkoba ni uleule. Mwaka 2008, mafuta yalipopanda bei, makampuni makubwa ya Marekani yalianza kutoza fedha kwa sanduku la kwanza linalowekwa tumboni mwa ndege. Watu wakafanya kama mtu yeyote angefanya: wakahamisha vitu vyao katika mkoba wa mkononi. Makabati ya juu yakajaa, watu wakagombana, na makampuni yakawa makali mlangoni kwa ajili ya msongamano ulioletwa na ada zao wenyewe. Kisha mengine, hasa ya Ulaya, yakaona faida hata mlangoni pale, yakatoza mkoba wa mkononi pia. Mahakama ya Umoja wa Ulaya mwaka 2014 ilisema kwamba mkoba wa mkononi ni sehemu ya lazima ya safari, usiongezewe bei, mradi uzito na kipimo chake viwe vya kadiri. Mwezi Novemba 2024 serikali ya Hispania ikayatoza makampuni matano faini ya jumla ya euro milioni 179, kosa mojawapo likiwa hilo la kutoza mikoba. Nayo yakasema yatakata rufaa.

Kwa hiyo anayelalamika kwamba kampuni hutumia kipimo kama ndoana ya kuvulia fedha, halalamiki bure. Kampuni inayotangaza bei ndogo ikijua kwamba itaurudishia mfuko wake mlangoni, haisemi kweli. Mtu aliyeuza mbuzi apate tiketi anastahili kuambiwa mapema, kwa lugha anayoijua, kilo ngapi anaruhusiwa na kila kilo ya ziada ni fedha ngapi. Kumngoja mpaka amefika mbele ya mizani, jamaa wamekwisha kurudi nyumbani, ndipo aambiwe bei, ni kumvizia.

Lakini tusichanganye watoto wa mama wawili. Huko Ulaya, katika ndege kubwa, ugomvi wa mkoba ni wa fedha na nafasi kwa sehemu kubwa. Huku kwetu, katika ndege ya watu 19 juu ya kiwanja cha mlimani, ni wa uhai. Mtu asichukue hasira yake ya haki dhidi ya ada za Ulaya akaitumia kuficha makopo ya mafuta ya mawese Bunia.

Tena iko njia ya kuwatambua. Fedha za kilo za ziada haziipunguzii ndege uzito hata kidogo. Zanunua nini basi? Katika kampuni yenye haki zanunua nafasi katika hesabu: kilo zako zaandikwa, na kitu kingine, pengine mzigo wa mfanyabiashara uliokuwa uende siku ile, chabaki chini. Ndege ikiwa imekwisha kujaa, hakuna fedha itakayonunua nafasi. Karani mwaminifu atakataa noti zako. Watu humkasirikia sana karani wa namna hiyo, wakati ndiye angestahili kupewa mkono.

Yule mwingine hupokea. Hapa hatuna budi kusema juu ya matabishi. Abiria amekwama, karani anatazama pembeni, noti inapita chini ya pasipoti, na mkoba wapita. Wote wawili wanatabasamu. Lakini tuulize, karani ameuza nini? Kilo si zake. Nafasi si yake. Ameuza sehemu ya akiba ya watu wote waliokaa pale wakingoja kuitwa, nao hawajui kwamba wameuzwa. Na kwa kuwa fedha ile haikuingia katika kitabu, kilo pia haikuingia katika karatasi. Hongo ya polisi wa barabarani ni mbaya, lakini hongo ya mizani ina ubaya wake wa peke yake: yaharibu ile namba ambayo rubani anaitegemea.

Hata hivyo tusimtupie mawe karani peke yake. Katika kosa hili wamo wengi, wala hatia yao hailingani. Karani ambaye mshahara wake haukufika miezi kadhaa, mwenye watoto waliofukuzwa shule, hatia yake iko, lakini si sawa na ya mwenye kampuni amwambiaye, Jaza ndege, la sivyo tafuta kazi nyingine. Mwenye kampuni naye hatia yake si sawa na ya mkubwa wa serikali aliyewekwa kuwakagua wote, akaweka sahihi yake bila kutoka kitini. Mwaka 2006 Ulaya ilipoyafungia anga lake karibu makampuni yote ya Kongo, haikutaja abiria wenye mafurushi; ilitaja upungufu wa ukaguzi wa serikali.

Kisha wako wasiopimwa. Sisi twaona jambo hili ndilo linalovunja heshima ya mizani kuliko yote. Watu wa kawaida wako mstarini, mkoba kwa mkoba, gramu kwa gramu. Mara mkubwa anafika na masanduku manne na vijana wa kuyabeba, anapitishwa pembeni, na karani aliyekuwa simba amekuwa paka. Mama aliyetoa samaki zake kilo sita anatazama. Anajifunza nini? Anajifunza kwamba kilo si jambo la kweli. Ni jambo la nani wewe. Safari ijayo ataficha bila kusitasita, na atakayemwambia habari ya hewa nyepesi na mabawa atamcheka, maana ameona kwa macho yake kwamba mabawa huwavumilia wakubwa. Wako pia mapadre na masista wanaotazamia kupitishwa hivyo kwa ajili ya vazi lao. Kanzu nayo ina uzito wake.

Ukali unaowahusu wanyonge peke yao ni dharau tu, hata ukiwa na sare na mizani mpya. Tunayo haki ya kuudai ukali ulio sawa, na kuudai kwa sauti, pale pale mstarini: Huyu naye apimwe. Ni neno dogo. Twakiri kwamba si kila mahali mtu anaweza kulisema bila hatari.

Wengine watauliza juu ya huruma. Mgonjwa anakwenda kupasuliwa, dawa zake zimezidi. Mama ana maziwa ya mtoto. Je, karani amkatalie? La hasha. Lakini tuangalie huruma hiyo yalipwa na nani. Karani akisema, Pita tu, mama, bila kuandika, amekuwa mwema kwa mali ya wengine. Akiandika kilo zile na kuteremsha mfuko mmoja wa biashara, amefanya haki na huruma kwa pamoja. Na abiria aliye nyuma yake mstarini, akisema, Toeni kilo tano zangu, mimi dada yangu atakula samaki mwezi ujao, huyo ameonyesha huruma iliyo yake kweli.

Kuhusu kitu kinachofichwa, uko mfano wa Bandundu, uliozungumzwa duniani kote. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ndogo aina ya Let, yenye watu 21, ilianguka ilipokuwa ikikaribia kutua mji ule. Akapona mmoja. Kwa ushuhuda wake, kama ulivyotangazwa, abiria mmoja alikuwa na mamba mdogo aliyefichwa ndani ya mfuko. Mamba akatoka, mhudumu akakimbilia mbele kwa marubani, na abiria wote nyuma yake. Mzegazega ukaelemea upande mmoja, ndege ikaanguka. Watu walisimulia habari hii kwa kicheko, kwa ajili ya mamba. Sisi hatuoni cha kuchekesha. Yule mtu alitaka kuuza mamba wake mjini, kama wengine watakavyo kuuza kuku. Alifikiri, Mfuko wangu ni wangu.

Na moto ukitokea, hata mkoba ulioandikwa na kupimwa vizuri hauna nafasi tena. Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege kubwa ya abiria iligongana na ndege nyingine juu ya njia ikawaka moto. Ndani walikuwamo watu 379. Waliacha mikoba yao, wakashuka wote, wakapona wote, kabla ndege haijateketea yote. Tarehe 5 Mei 2019, katika uwanja wa Sheremetyevo, Moscow, ndege iliyowaka moto ilipotua iliwaua 41, na picha zilionyesha baadhi ya walioshuka wakiwa wameshika mabegi yao.

Basi kwa wale watakaosafiri mwezi huu, neno moja la kazi. Wachuuzi wa samaki sokoni Bunia wana mizani ya kuning'iniza, na kwa fedha ndogo sana watakupimia furushi lako jioni, kabla ya safari, ukiwa bado na dada na shangazi karibu. Funga asali kwanza, ndiyo nzito. Mkoba wa mkononi upimwe peke yake, pamoja na vile vitu ulivyokusudia kuvitia mifukoni mwa koti. Na yule anayekusindikiza asirudi nyumbani mpaka umepita mizani, ili kama kuna kitakachobaki, kibaki mikononi mwa jamaa, si chini ya meza ya karani.